Jembe si kiboko: Funzo la nanasi la mapambo

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayekusudia kumzungumzia leo hakuja kwa miguu yake wala hakubisha hodi. Aliletwa ndani ya chungu cha udongo, akawekwa dirishani mwa chumba cha walimu, akasahauliwa hapo, na mwishowe ikatolewa amri atupwe jaani. Hata hivyo, ndiye aliyenifunza jambo ambalo miaka kumi na miwili ya kushika chaki haikuwa imenifunza. Nimeona si vyema nikae nalo moyoni peke yangu. Naomba walimu wenzangu na wanafunzi wanitegee sikio.

Ulikuwa muhula wa kwanza wa mwaka 2010. Nilikuwa nikifundisha Biolojia katika shule moja ya bweni kwenye vilima vya Ukambani. Mwalimu mwenzetu aliyehamishwa alituachia zawadi ya kwaheri: mmea wenye sura ya ajabu. Majani yake yalikuwa magumu, marefu kiasi cha nusu mita, na ukingoni yalikuwa na vijimwiba. Yalipangika kwa mzunguko, yakakutana chini na kufanya kikombe chenye uwezo wa kutuamisha maji. Rangi yake ilikuwa kijani iliyokatwa kwa mistari ya kifedha, kana kwamba mtu aliupaka jivu kwa kidole. Katikati ya kikombe lilichomoza ua la rangi ya waridi lenye ncha nyingi, na baina ya ncha hizo vikachungulia viua vidogo vya samawati.

Vile viua vidogo havikudumu, lakini ile rangi ya waridi ilikaa miezi kadhaa, nasi tukawa tunajivunia pambo letu mbele ya wageni. Hatimaye nayo ikafifia, ikawa hudhurungi, na majani ya nje yakaanza kunyauka. Mmoja wa wakubwa wetu akasema chumba cha walimu si makaburi, mmea uliokufa uondolewe. Nami, mwalimu wa Biolojia, niliutazama mara moja nikaafiki kwamba kweli umekufa.

Wakati huo alikuwepo mlangoni mvulana wa kidato cha pili akingoja adhabu yake kwa kosa la kuchelewa. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Katika orodha ya mtihani, jina lake lilikuwa huko chini ambako macho ya mwalimu hufika yamechoka. Akakabidhiwa jembe na kuambiwa, "Chukua na takataka hii uitupe shimoni, kisha ulime kipande cha nyuma ya jikoni mpaka kengele ya jioni."

Kijana alitoka, na baada ya dakika chache akarudi. Mkono mmoja alishika jembe, na wa pili alikikumbatia chungu. Akanijia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nanasi hili halijafa. Lina watoto."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nanasi! Nami nilicheka pamoja na wenzangu, na kicheko hicho kinaniuma hadi leo. Nilimwambia aache kutafuta njia ya kuikwepa kazi. Akaitika, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake. Alilima kipande chake mpaka kengele ikalia. Lakini chungu hakukitupa.

Jumamosi iliyofuata nilipita nyuma ya jikoni, nikakiona chungu kile chini ya mwembe, mahali ambapo jua lilichujwa na majani kabla ya kufika chini. Nikainama. Ubavuni mwa mmea uliokuwa ukinyauka palikuwa na machipukizi mawili, kila moja urefu wa kidole, yamebana shina la mama yao. Nikamwita yule kijana. Alinieleza, bila kiburi wala kinyongo, kwamba kwao ni upande wa Thika, kwamba mama yake aliwahi kufanya kibarua cha kupanda mananasi, na kwamba hata mtoto mdogo wa kule ajua ya kuwa shina la mnanasi likishazaa tunda lake halizai tena, bali machipukizi yake ndiyo yanayoshika zamu.

Hapo nilijiona mdogo. Mimi ni mzaliwa wa migombani. Tangu utotoni nimeuona mgomba ukitoa mkungu mmoja, ukakatwa, na wana wake wakainuka mahali pake. Mfano huo niliulelewa, ila sikuwahi kuuvusha kutoka shambani kwa mama hadi darasani kwangu. Kijana aliyekuwa wa mwisho katika mtihani wangu alikuwa ameuvusha kwa kutumwa jaani tu.

Usiku ule nilifungua vitabu, nikagundua kwamba alikuwa amesema kweli mara mbili. Mmea haukuwa umekufa, na kwa ukoo ulikuwa ndugu wa nanasi hasa. Jina lake la kitaalamu ni Aechmea fasciata. Neno la kwanza latokana na Kigiriki, kwa maana ya ncha ya mkuki, na la pili ni la Kilatini, kwa maana ya kitu chenye mistari kama mikanda. Asili yake ni misitu ya kusini mashariki mwa Brazili, upande wa Rio de Janeiro. Ukoo wake huitwa bromelia, jina lililotolewa kwa heshima ya Olof Bromelius, daktari na mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeishi kati ya mwaka 1639 na 1705. Ukoo huo una spishi zaidi ya 3,000, na iliyo maarufu kupita zote ni nanasi, ambalo Christopher Columbus na mabaharia wake walilikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493.

Takriban bromelia zote ni za bara la Amerika. Afrika imejaliwa moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye majabali ya Guinea, na ambayo ilikusanywa na mtaalamu wa Kifaransa mwaka 1937. Kwa hiyo mnanasi wa Thika na lile pambo la chumba cha walimu ni wageni wawili wa nyumba moja, ila mmoja alipelekwa shambani na mwingine sebuleni. Tangu siku ile, katika darasa langu, mmea ule uliitwa nanasi la mapambo.

Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Baadhi ya walimu walinilaumu kwamba nimejishushia hadhi. Sikuona hivyo. Tulianzisha kundi dogo la wanafunzi wanane, naye tukamfanya kiongozi, ili tuyalee yale machipukizi mawili na kuandika kila tulichokiona. Nitaeleza tuliyojifunza, kwa kuwa huenda akawepo mwalimu au mwanafunzi atakayependa kuujaribu mmea huu shuleni au nyumbani kwake.

La kwanza ni kuelewa jinsi unavyoishi kwao. Katika misitu ya Brazili, bromelia nyingi za aina hii hukaa juu ya matawi ya miti. Mtu asidhani kuwa ni kupe anayemnyonya mwenyeji wake, la hasha. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika tawi isianguke. Chakula na maji hupatikana katika kile kikombe, ambamo mvua hutuama na majani yaliyoanguka huoza. Ule unga wa kifedha juu ya majani si vumbi wala ugonjwa. Ni magamba madogo sana yanayofyonza maji na chumvichumvi. Kwa sababu hiyo majani hayo hayapaswi kusuguliwa kwa kitambaa. Mwanafunzi wetu mmoja, kwa kupenda usafi, alilipangusa jani moja mpaka likang'aa, na mistari yake ya fedha haikurudi tena.

Kikombe hicho huko kwao ni kijiji kizima. Vyura wadogo huishi humo, na katika milima ya Jamaika yuko kaa anayewalea wanawe ndani ya kikombe cha bromelia. Mama huyo huondoa majani yanayooza ili maji yasiharibike, na huingiza makombe ya konokono ili wanawe wapate chokaa ya kujengea magamba yao. Niliposimulia hayo darasani, kengele ya chakula ililia na hakuna aliyeinuka.

La pili ni namna unavyopumua. Mimea mingi hufungua matundu ya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Bromelia hii, sawa na mnanasi, hufungua matundu hayo usiku. Huivuta hewa hiyo gizani na kuihifadhi ndani ya jani katika hali ya asidi. Kukipambazuka hufunga milango, kisha huitumia akiba hiyo kwa msaada wa mwanga wa jua. Tulilithibitisha hilo kwa jani la mnanasi. Tulikata kipande alfajiri na kingine jioni, tukaviponda kila kimoja peke yake, na tukachovya karatasi za kupimia asidi kutoka maabara. Kipande cha alfajiri kilikuwa na asidi zaidi. Jaribio hilo halikutugharimu hata shilingi moja, na hakuna aliyelisahau katika mtihani.

Sasa nije kwenye malezi yenyewe. Chipukizi lisitenganishwe na mama mapema. Tuliyaacha yetu mpaka yakafikia kama theluthi moja ya kimo cha mama, na yangengoja yafikie nusu ingekuwa vyema zaidi. Kisha tukayakata kwa kisu kikali, karibu kabisa na shina, pamoja na vijizizi vilivyokwisha kuanza. Tuliyaacha kivulini siku mbili ili kidonda kikauke. Mwenye kufanya kazi hiyo avae glavu au mfuko mikononi, kwani utomvu wa mmea huu huwawasha baadhi ya watu ngozi, na vile vijimwiba havina huruma.

Udongo mzito ni adui. Ule mweusi wa mfinyanzi unaonata kwenye viatu wakati wa mvua utaiozesha mizizi kabla ya mwezi kwisha. Tulichanganya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vidogo vya makaa, mchanga wa chengachenga na mboji kidogo, tukaweka kokoto chini ili maji yapite upesi. Chungu kiwe kidogo, upana wa sentimita 12 hadi 15, lakini kiwe cha udongo wa kufinyangwa, maana mmea huu ni mzito juu na chungu chepesi cha plastiki hupinduka kwa upepo.

Mwanga uwe mwingi, lakini jua la saa saba lisiuangukie moja kwa moja, kwani huchoma majani na kuacha mabaka. Chini ya mti wenye majani haba, barazani, au karibu na dirisha ndipo mahali pake. Ni mmea wa nchi za joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 12 hivi za selsiasi huudhuru, kwa hiyo walioko Limuru au Nyahururu wauingize ndani mwezi wa Julai na wapunguze maji ya kikombe.

Kuhusu maji, sisi wa Ukambani tulipata somo chungu. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, na baada ya mwezi mmoja majani yakaota ukoko mweupe. Tukahamia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, na mmea ukapona. Kikombe kisijazwe pomoni. Kina cha vidole viwili chatosha, na mchanganyiko wa chunguni uachwe ukauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Chombo cha shaba kisitumike kabisa, maana shaba ni sumu kwa bromelia. Mbolea iwe ya maji, iliyozimuliwa mpaka nusu ya kipimo cha kawaida au chini zaidi, mara moja kwa mwezi. Anayezidisha mbolea hupata majani marefu ya kijani yaliyolegea, yasiyo na ile fedha inayoupa mmea uzuri wake.

Siwezi kuacha kuligusa jambo moja zito. Muuguzi wa shule alipoona vikombe vile vya maji alituuliza swali ambalo kila mwenye mmea huu lazima alijibu: je, hamfugi mbu? Hakuwa akitania. Huko Trinidad, katika miaka ya 1940, mtaalamu aitwaye Colin Pittendrigh alichunguza malaria iliyoenezwa na mbu waliozaliana ndani ya bromelia juu ya miti iliyotia kivuli mashamba ya kakao. Serikali ya huko iliamua kuinyunyizia mimea hiyo dawa ya shaba ili ife, na hiyo ndiyo sumu niliyoitaja hapo juu. Kwetu Afrika Mashariki yuko mbu ambaye wataalamu walimpa jina la Aedes bromeliae. Hutaga mayai katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba, mananasi na magimbi, na ni miongoni mwa mbu waenezao homa ya manjano.

Hatukumficha muuguzi wala hatukubishana naye. Wanafunzi walihesabu siku. Katika joto letu yai la mbu huhitaji muda wa kama wiki moja, au zaidi kidogo, ili liwe mbu wa kuruka. Basi tukaweka zamu: kila siku ya tatu chungu kiliinamishwa, maji yote ya kikombe yakamwagwa kwenye ardhi kavu, na maji safi yakatiwa. Jina la mwenye zamu liliandikwa ukutani. Asiyeweza kuitimiza zamu hiyo na aache kuufuga mmea huu, au aukaushe kikombe na kumwagilia mchanganyiko wa chunguni pekee. Uzuri wa nyumbani kwangu haufai kuwa homa nyumbani kwa jirani.

Miaka miwili ikapita. Machipukizi yakawa mimea mikubwa, yenye vikombe na mistari ya fedha, lakini ua hakuna. Ndipo kijana, sasa akiwa kidato cha nne, akaniambia kuwa kule kwao aliwahi kusikia kwamba mashamba makubwa ya mananasi hupigwa dawa ili yachanue kwa pamoja. Tukatafuta na kuambiwa siri yake. Katika karne ya 19, wakulima wa mananasi wa visiwa vya Azores walitambua kwamba moshi huifanya mimea yao ichanue. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya moshi kuna gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo hiyo hutolewa na matunda yanayoiva. Hii ndiyo sababu ndizi moja mbivu huivisha zile zilizo karibu nayo kapuni, jambo ambalo mama zetu walilijua kabla ya kujua jina lake.

Mwezi wa Juni 2012 tuliyamwaga maji ya kikombe cha mmea mmoja, tukaufunika wote kwa nailoni inayopenyeza mwanga pamoja na ndizi mbivu mbili, tukauweka kivulini siku kumi. Mmea wa pili tuliuacha bila kufunikwa, ili tuwe na kitu cha kulinganisha. Wiki za kwanza hatukuona badiliko lolote, na wapo waliotucheka. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, kijana alikuja mbio kuniita. Ndani ya kikombe cha ule mmea wa ndizi palikuwa na doa la waridi, dogo kama ncha ya kalamu. Kufikia wakati wa mtihani wa mwisho lilikuwa ua kamili. Tulilibeba mpaka chumba cha walimu, tukaliweka dirishani, mahali pale pale lilipotolewa mama yake. Mmea wa pili haukuwa na ua.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kijana yule aliibuka wa kwanza. Alipata alama za wastani, isipokuwa katika Biolojia alikofanya vizuri. Leo ana kitalu chake cha miche, na ni yeye hutukumbusha sisi walimu wake msimu wa kutenganisha machipukizi ukifika. Mmea ulioko mezani ninapoyaandika haya ni wa uzao wa ule uliookolewa jaani.

Kwa nini basi nimeyasimulia haya yote? Kwa sababu kila nikikumbuka siku ile, sikumbuki ua, nakumbuka jembe. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya, na ni jambo jema kwamba kilipigwa marufuku. Lakini pengo kiliyoliacha katika shule nyingi tulilijaza kwa jembe, panga na kwanja. Mwanafunzi akichelewa, alime. Akizungumza darasani, afyeke. Akifeli hesabu, achote maji ya bustani. Kwa miaka mingi nami nilifanya hivyo, na niliita hiyo kuwa nidhamu. Kumbe kila siku nilikuwa nikiwafunza vijana wetu kwamba ardhi ni jela na mmea ni askari jela. Kisha tunastaajabu wakihitimu na kukimbilia mjini, huku wakiapa kwamba hawatashika jembe tena maishani mwao!

Zipo sauti zitakazosema kuwa mtoto asipofanya kazi ngumu atadeka. Sipingi kazi ngumu. Kumwaga maji ya kikombe kila siku ya tatu kwa miaka miwili na nusu ni kazi ngumu kuliko kulima mpaka kengele ya jioni, kwani anayelima kwa adhabu huhesabu dakika, ilhali anayelea hana kengele ya kumwachilia. Tofauti haiko katika jasho. Iko katika sababu ya jasho hilo. Kijana yule alishika jembe lile lile akiwa mhalifu asubuhi na akiwa mlezi jioni, na sisi tuliokuwa na vyeti hatukuona tofauti.

Vyama vya 4K vilizinduliwa upya mwaka 2021 ili kuwarudisha watoto kwenye kilimo, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unasisitiza kujifunza kwa kutenda. Ni hatua njema. Lakini mtaala hautafaulu iwapo saa nne mwanafunzi anaambiwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na saa kumi anapelekwa kulima kwa kuwa amekosa. Mtoto hasadiki maneno ya saa nne. Husadiki adhabu ya saa kumi.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Kila darasa lipewe mmea mmoja wa kulea. Si lazima uwe bromelia. Panaponunuliwa kwa bei ghali na uachwe. Kichwa cha nanasi lililoliwa, kikikatwa na kuachwa kikauke siku mbili tatu, kisha kikapandwa, kitaota na kufundisha karibu kila nililolieleza hapa. Wanafunzi waandike kila wiki walichokiona, si walichokisoma. Zamu za kulea zigawiwe wote, wa kwanza na wa mwisho, na kamwe zisiandikwe katika daftari la makosa.

Nanyi wanafunzi, msikubali ujuzi wa nyumbani kwenu uachwe kwenye lango la shule. Anayejua namna mama yake anavyoivisha ndizi, namna babu anavyochagua mbegu, au mahali ambapo mbu hutaga mayai, ana sayansi mkononi. Na aiseme, hata wakubwa wakicheka. Mwalimu aliyecheka siku ile ya 2010 anawaomba mseme.

Mmea wa mezani kwangu umeshachanua na ua lake limeanza kufifia. Ubavuni pameota machipukizi matatu. Wiki hii nitanoa kisu.